Fishi ya Ishirini na Saba

Kinshasa, 4 Machi 1991

Mujomba wangu Onésime,

Nakusalimu wewe na Tantine Delphine, na kuku wake wote, hata yule jogoo aliyekuwa akinifukuza kila nikitoka masomo. Mimi ni mzima. Homa ya Januari imekwisha, nimebaki na kikohozi kidogo tu cha asubuhi. Huku bei ya mkate imepanda tena, na wiki nzima tumekwenda kazini kwa miguu kwa sababu hakuna mafuta. Sikuambii habari mpya, najua na kwenu ni vilevile.

Barua hii anakuletea Adrien, yule mwenye kusafiri na ndege za mizigo. Tafadhali isome mpaka mwisho, usianze kujibu katikati kama kawaida yako.

Nimepata kazi katika biro moja, ofisi ya kuchunguza barabara. Hatujengi. Sisi tunauliza maswali kabla ya wengine kujenga. Kuna mpango wa kutengeneza upya barabara ya Lubumbashi hadi Kipushi na kuipanua, mita ishirini na tano kila upande. Zamani walihesabu kilomita na lami, basi. Safari hii wenye kutoa mkopo wanataka kujua nani atahamishwa, maji ya mvua yatapita wapi, miti mingapi itaanguka, vumbi litaingia kifua cha nani, na kama miaka kumi baadaye watu wa pale watakuwa wamepona au wameumia. Ingénieur Lucien, mkubwa wetu, alitafuta mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kati ya kilomita ya kumi na ya kumi na nne. Nikamwambia: ninaye mujomba wangu, aliendesha mashini za barabara hiyohiyo.

Nimekutumia fishi arobaini, karatasi za kujaza. Kila moja ina namba yake na maswali manane. Nyumba moja, fishi moja, na namba hiyo uipake kwa rangi mlangoni. Sheria ni mbili. Ya kwanza: andika vile mtu anavyosema, usiongeze, usipunguze. (Mujomba, usiongeze.) Ya pili: usiruke nyumba. Siku mashini zitakapofika, mwenye fishi atapewa kiwanja kingine na bati za kujengea. Nyumba isiyo na fishi, kwetu sisi haipo. Wataivunja kama wanavyokata majani.

Bado mko katika ile nyumba ya kampani ya barabara, Katuba? Nimeandika anwani ileile.

Mwipwa wako,
Émerance


Lubumbashi, Katuba, tarehe 2 mwezi ya ine 1991

Kwako mwipwa wangu Émerance, mama yangu,

Nakuita mama juu uko na jina ya mama yangu, na ata ungekuwa ministre ningekuita vile. Pokea salamu, zijaze mikono yote mbili. Siye huku tuko. Tantine yako anakusalimia sana. Kuku zimepunguka. Jogoo yako tuliikula Noeli, nyama yake nguvu sawa kiatu ya askari, ilipigana na siye mpaka mu sahani. Mugongo yangu haiume. Adrien nilimuona, amekonda, umuambie bantu banakulaka.

Sasa kazi. Émerance, unaniandikia «aliendesha mashini». Aliendesha? Ile barabara ni miye nilizaa! Mwaka 74 nilikuwa ku niveleuse, ile mashini ya kisu kubwa ya kukata na kulainisha udongo, na hakuna muntu, mweusi ao muzungu, mwenye alikuwa anaipita mukono yangu. Nilikuwa naishika na mukono moya, ingine iko mu bukari, ile ugali yetu. Siku tulimaliza, mukubwa wetu akasema, Onésime, tujaribu. Akaweka yayi ya kuku ku kilomita zero. Yayi ikabingirika. Ikabingirika, siye nyuma yake na pikipiki, mpaka Kipushi, kilomita makumi tatu, ikasimama mbele ya mulango ya mama moya, akaichukua akaipika. Haikupasuka! Ukikutana na muntu mwenye anakatala, umutume kwangu.

Na simba? Simba ilikuya asubui moya kulala juu ya mashini, inapenda joto ya motere. Nikaiambia, baba, mi niko ku kazi. Ikashuka.

Fishi nimeelewa yote. Masomo nilifika mwaka ya tano, lakini mwaka ya tano ya wakati yetu, fimbo iko juu ya meza, inapita universitati yenu ya leo. Nimesoma maswali manane mara ine. Ya mbili, bantu ngapi banalala mu nyumba. Ya ine, munachota mayi wapi na nani. Ya sita, makaburi. Ni maswali muzuri. Kwetu hakuna mwenye alituuliza ata moya. Mukubwa alikuwa anapanda ku jeep, ananyoosha mukono, «pale», na miye naenda pale.

Umesema nisiongeze. Mambo yangu ni yangu, nitasema vile napenda. Mambo ya bantu sitatia ata chumvi. Umuambie ule Lucien.

Samahani juu ya vumbi nyekundu mu karatasi. Malori inapita bila kupumua, na meza yangu iko karibu na dirisha.

Mujomba yako,
Onésime, chef wa niveleuse


Lubumbashi, Katuba, tarehe 16 mwezi ya sita 1991

Mwipwa wangu, mama,

Adrien alikuya mikono mitupu, anasema ulimupa barua mu mwezi ya tano na balimuibia sakosi yake ya nguo ku uwanja ya ndege. Kama muko kintu ya lazima mule, andika tena. Kama ilikuwa matusi, iache na mwizi aisome.

Huku baridi imeingia, Tantine yako anavaa koti yangu, miye navaa wivu. Anakohoa vumbi lakini anaimba mu chorale. Mahindi tumevuna magunia ine. Usiulize mahindi mu Katuba inalimwa wapi, kuko mashamba ya bantu.

Kazi imekwisha. Nilitembea siku kumi na moya. Kila asubui rangi mu kopo, brosi mu mufuko, kalamu mu sikio. Batoto bananifuata, mama banasema, «Mukubwa ya barabara amefika, mufagie!» Namba moya nilipaka ndogo, mwenye nyumba akakasirika, jirani yake iko na namba kubwa. Tangu pale napaka kubwa yote.

Kabwe, nyumba ya 14, aliona namba akafikiri ni kodi. Akaifuta na mchanga na sabuni, akafuta mpaka mulango ikakuwa mweupe. Kesho yake akasikia mambo ya kiwanja na bati, akanikimbilia kilomita mbili, anapumua sawa mbwa: «Mukubwa, namba yangu! Rudisha namba yangu!» Nikamuambia, mi si mama yako, ulinifukuza na kipande ya sabuni mu mukono. Akapiga magoti. Nikapaka.

Nyumba ya 9 ni ya mwalimu Dominique, muntu ya Kasai, vitabu yake iko mingi kupita sahani. Ku swali ya nane, «Je, unaitaka barabara?», alifikiri mpaka chai ikapoa. Akasema niandike hivi, na niliandika: «Naitaka, kama nitakuwa bado hapa kuipita.» Sikumuuliza zaidi. Wewe unajua maneno yenye inatembea huku sasa juu ya bantu ya Kasai, ati barudi kwao.

Mama Nkandu, nyumba ya 26, mujane, ulimi yake inakata kupita kisu ya niveleuse. «Utaandika na meno yangu? Yako mbili, na yote mbili inaipinga barabara.» Nimeandika vile, swali ya nane, utaona.

Sasa nisikilize, hapa nasema sawa muntu wa kazi. Bazungu yako watakuuliza miti. Uwaambie: pale tulifungua barabara mu 74, lori ya kwanza yenye ilipita haikubeba shaba. Ilibeba makala, ile makaa ya kupikia. Barabara ikikuwa muzuri, pori inakimbia. Mbele nilikuwa nafunga mashini kwenye kivuli, leo kutoka barabara mpaka muti wa kwanza ni kutembea saa nzima. Miye njo nilifungulia makala mulango. Na visugulu, ile milima ya mchwa yenye kupita nyumba kwa urefu, tulikata makumi sita juu ya kujazia barabara. Bantu banafyatuaka matofali mule, mama wenye mimba banatafuta udongo yake, mulima ya mchwa ni ukuta na shamba na duka. Tulikata. Tena mashimo penye tulichimba udongo tuliacha wazi, ya kilomita 11 imejaa mayi, mwaka jana ilikula batoto babili wa nyumba ya 19. Imeandikwa mule, swali ya sita. Barabara mupya, wafunge mashimo mbele ya kuweka lami, si nyuma. Nyuma hakuna muntu anarudi. Mi najua, sikurudi.

Fishi zote ziko hapa, makumi tatu na tisa. Moya, ya 27, mbuzi ya Mama Nkandu iliikula. Nilikuwa naandika, nikageuka, yote ndani, na namba yake. Nilifikiri kuikamata mbuzi nikutumie. Pale haina nyumba ya maana, ni kibanda tu, usijali.

Mujomba yako,
Onésime


Kinshasa, 18 Agosti 1991

Mujomba Onésime,

Salamu kwako na kwa Tantine. Mwambie nimepata kanda ya chorale, nasikia sauti yake juu ya zote. Kikohozi changu kimeisha; cha kwake kinanitia wasiwasi. Mshahara wa Juni bado. Tunaishi.

Fishi zilifika Julai. Lucien alizisoma kwa sauti biro nzima. Ya Kabwe ilitufanya tulie kwa kicheko. Maneno yako juu ya makala na mashimo ameyaandika katika ripoti, ukurasa mzima: mashimo kufungwa kabla ya lami, visugulu visiguswe, wauza makaa wapewe shamba la kupanda miti. Chini ameandika: «kwa ushuhuda wa dereva wa niveleuse wa mwaka 1974». Nilitaka ulijue hilo kwanza.

Sasa la pili. Nalisema polepole, usinikasirikie.

Uliahidi kuandika vile watu wanavyosema, na umefanya hivyo. Fishi ya 26, swali la nne, mnachota maji wapi na nani. Umeandika kwa mkono wako: «Ku kisima nyuma ya nyumba, mi na Delphine, bibi ya Mukubwa.» Fishi ya 28, swali lilelile: «Ku kisima ya Mama Nkandu. Mukubwa Onésime njo alichimba, alituambia alikutana na maji ya chumvi, kumbe uongo.» Kwa vipimo vyako mwenyewe, kati ya 26 na 28 kuna mita themanini. Nyumba nyingine za pale zimeachana kwa arobaini tu.

Nilimuuliza Adrien. Usimlaumu, hajui kitu. Alisema tu kwamba huwa unamsubiri nje ya lango la kambi ya Katuba, hujawahi kumkaribisha ndani hata kunywa maji. Wewe, uliyekuwa ukivuta wapita njia waje kula.

Mujomba, mmehama lini?

Orodha inafungwa tarehe 30 Septemba. Baada ya hapo hakuna atakayeweza kuongeza jina, hata Lucien. Mashini zikija, zitaikuta nyumba yako na haitakuwepo kwenye karatasi yoyote. Nimechukua fishi tupu nikaandika 27 juu yake, nikakaa nayo nyumbani jioni tatu. Nilitaka kuijaza mwenyewe. Lakini sheria ni vile mtu anavyosema, na wewe hujasema.

Nijibu upesi.

Émerance


Lubumbashi, tarehe 10 mwezi ya kenda 1991

Émerance,

Barua yako nimepata. Tantine anakusalimia. Mvua bado.

Mbuzi ni mbuzi. Ilikula.

Mama Nkandu iko muzee, anasemaka mambo. Nyumba ya 28 nayo banapenda kucheka. Kama Delphine anachota mayi pale, ni kutembea tu, mama banatembeaka. Na kisima nilichimba juu ya kusaidia. Ndiyo kulikuwa na chumvi.

Mi ni muntu wa kampani. Miaka makumi mbili na moya na badge yangu ku kifua. Muntu wa kampani haandikwake mu karatasi ya bantu ya pembeni ya barabara. Wewe ulikulia mu nyumba ya sima, ukuta ya saruji, taa ya umeme, robine ya mayi mu lupango. Uikumbuke vile. Usimuambie ule Lucien kintu.

Niko muzima.

Onésime


Kinshasa, 9 Oktoba 1991

Mujomba wangu,

Kwanza ujue niko hai na sikuumia. Sijui mmesikia nini huko. Tarehe 23 Septemba askari walianza kupora, kisha watu wakafuata, na kwa siku mbili mji ulibebwa juu ya vichwa. Nimeona mtu amebeba mlango wa friji, mlango peke yake. Nimeona mama amekaa juu ya gunia la unga analia, sijui kwa furaha au kwa nini. Nililala chini ya kitanda cha rafiki yangu. Adrien amekwama upande wa pili wa mto; barua hii itapita kwa mapadri, sijui itafika lini.

Tarehe 26 nilikwenda biro. Hakuna meza, hakuna waya ukutani, wamechukua hata mbao za sakafu. Fishi walizitumia kuwashia moto wa kupikia pale uani. Niliona kipande kimoja tu, nadhani cha mwalimu Dominique, maneno «kama nitakuwa bado hapa». Upepo ukakichukua. Ripoti haipo. Wageni wa mkopo walipandishwa mtumbwi wa motere mpaka Brazzaville na wameandika kwamba hawarudi. Lucien alikaa juu ya ngazi, akaniuliza kuhusu yai. Nilikuwa nimemsimulia zamani. Akasema, «Basi hiyo ndiyo barabara pekee tutakayokuwa nayo.» Tukacheka, halafu hatukucheka tena.

Barabara haitajengwa, Mujomba. Hakuna atakayevunja nyumba yako. Hakuna pia atakayefunga lile shimo la kilomita 11. Kazi yote, siku zako kumi na moja za kutembea, imekwisha vile.

Isipokuwa hii. Ilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya kitabu cha nyimbo. Katika fishi arobaini imebaki moja, na haina neno hata moja. Katika barabara nzima ya Kipushi, nyumba moja tu bado ina karatasi, na ni yako.

Nakutumia. Haina faida tena kwa mtu yeyote. Hakuna kiwanja, hakuna bati. Lucien hataisoma. Nataka tu kujua unakaa wapi.

Mwana wako,
Émerance


Barabara ya Kipushi, kilomita 12, tarehe 24 mwezi ya kumi na moya 1991

Kwako mama yangu, mwipwa wangu Émerance,

Barua yako ilifika jana, padri mwenyewe alinitafuta mpaka huku na kinga, baiskeli yake, juu mvua imeanza na motokari inazama. Namushukuru Mungu. Delphine alipiga kigelegele mpaka Mama Nkandu akatoka na fimbo, alifikiri ni wezi. Juu huku nako baliiba, mwezi ya kumi, mujini yote. Siye haikutufikia. Balipita hapa na malori, balitazama nyumba yetu, balipita. Njo faida ya kuwa masikini, nilimuambia Delphine, akanitazama na jicho ile.

Kikohozi yake imepunguka na mvua, vumbi imelala. Mwalimu Dominique bado iko. Amefunga vitabu mu makartoni, anafungua tena, anafunga.

Nimechukua fishi. Nimevaa lunettes ku macho. Najibu.

Swali ya kwanza, jina. Onésime, na bibi yangu Delphine. Kazi: nilikuwa dereva wa niveleuse. Sasa nafyatuaka matofali.

Swali ya mbili, nitarudilia.

Swali ya tatu, nyumba imejengwa na nini, tangu lini. Matofali ya kisugulu, bati makumi mbili za zamani. Tangu mwezi ya nane 1989. Kampani ilifunga, balitupa siku tatu ya kutoka mu nyumba ya Katuba. Ulikuwa mu mutihani yako ya mwisho, mama. Nilimuambia Delphine, asiambiwe mbele ya mutihani. Kiisha nikamuambia, asiambiwe mbele ya kazi. Kiisha nilizoea.

Swali ya ine, mayi na jirani. Kisima, na Mama Nkandu. Hapa kuko mambo yenye sijasema kwa muntu.

Mwaka 74, hapa ku kilomita 12 kulikuwa nyumba ya mama yake Mama Nkandu. Mukubwa alinyoosha mukono, «pale». Ule muzee alitoka, akasimama mbele ya kisu, na chungu mu mikono. Sikuzima motere. Nilingoja. Akatoka, nikapita. Haikuchukua dakika mbili, nyumba ya udongo haina nguvu. Hakuna mwenye aliandika jina yake. Miye nilikuwa naimba, Émerance. Nilikuwa kijana, barabara ilikuwa inanyooka.

Siku tulifukuzwa Katuba tulitembea na kitanda juu ya pousse-pousse, mukokoteni ya kusukuma, tunatafuta fasi ya kulala. Mama mwenye meno mbili akaita: «Ule si mukubwa ya katapila?» Nikajua nimefika ku hukumu. Delphine akanishika shati. Ule mama akatazama kitanda, akatazama Delphine, akanyoosha fimbo pembeni ya nyumba yake. «Wewe njo ulisawazisha hapa,» akasema, «basi ikala, mukae.» Akatupatia udongo ya kisugulu yake. Akatupatia chungu. Anacheka kila siku, anasema nilifanya kazi muzuri, nyumba yangu haipinde.

Njo juu ya nini sikuandika 27. Nilifika mbele ya mulango yangu na rangi, nikasimama. Mukono yangu ilipaka namba 26 kwake, muzuri, kubwa. Kwangu haikunyanyuka. Nilisema, muntu mwenye alivunja bila kuandika, ataandikwa apewe kiwanja na bati? Mambo ya kampani na badge niliyoandika mbele, ilikuwa kweli pia. Lakini ilikuwa ya juu, hii ilikuwa ya chini. Na mbuzi Mama Nkandu hana. Hajakuwaka na mbuzi.

Swali ya tano, miti na mashamba. Mahindi, viazi, mboga ya lengalenga ya Delphine. Muembe moya mudogo. Mwezi hii nimepanda miti kumi na mbili kutoka kisima mpaka barabara, mbegu alinipa mwalimu Dominique, anasema ile haiwake muzuri mu makala. Tatu imekufwa.

Swali ya sita, makaburi. Hakuna. Lakini shimo ya kilomita 11 tumeanza kuifunga. Miye, Kabwe, baba wa nyumba ya 19, na mapipa na mikokoteni. Kabwe anasema kila saa, «Bila bazungu?» Namuambia, bila bazungu. Tumefika ku magoti. Tukipata mwaka mbili tutafika juu. Hii haina uongo, ukikuya utatia mukono.

Swali ya saba, barabara ikipanuliwa utapoteza nini. Delphine anajibu, niliandika vile anasema: «Nitapoteza jirani.»

Swali ya nane, je, unaitaka barabara? Naitaka. Nimeizaa, naipendaka ata na mashimo yake, leo yayi haiwezi kubingirika mita moya. Lakini ikikuya ingine, aliye ku mashini atelemuke kwanza. Aulize jina. Azime motere.

Swali ya mbili, bantu ngapi banalala mu nyumba. Nimeandika batatu. Delphine anasema niko nadanganya mu karatasi ya biro, tuko babili. Nikamuambia, sheria ni kuandika vile muntu anasema, na muntu ni miye. Magunia ya mahindi tumeyasukuma ku ukuta, pale karibu na dirisha kitanda yako inaingia, nimepima na mukono. Si nyumba ya sima. Umeme hakuna. Mayi haina chumvi.

Ukitoka mujini, ni mukono ya kushoto. Huwezi kukosa. Rangi ilibaki kidogo mu kopo, jana nimepaka namba ku mulango, kubwa kupita zote.

Mujomba yako,
Onésime wa nyumba ya 27